Mjomba, nianze na ampli au spika? Kila mtu ananiambia lake

Shikamoo mjomba,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike manake hela ninayo mkononi na najijua, ikikaa wiki mbili itapata kazi nyingine. Nataka kununua mziki wa ndani, wa kukaa na kusikiliza kweli, sio wa kupigia shughuli. Miaka yote nimesikilizia hedifoni na kaspika ka bluetooth kanakokaa juu ya friji, na saivi kameanza kukoroma kila besi ikiingia. Sasa nimepata kwangu, nimeoa, sebule ipo, urefu mita 4 upana kama 3 na nusu, chini ni vigae vitupu na ukuta mmoja tunachangia na jirani.

Shida yangu ni washauri. Jamaa ninayefanya nae kazi anasema mziki ni ampli, chukua ampli kubwa kwanza spika zitakuja zenyewe, na kwa bahati yeye mwenyewe anayo ya kuniuzia, imeandikwa wati 1000 mbele kwa maandishi ya dhahabu. Shemeji yangu anasema nimepitwa na wakati, ninunue zile spika zenye ampli humohumo ndani niunganishe na simu yaishe. Nikaenda dukani, muuzaji akaniambia hata ninunue nini nitakua nimetupa hela kama sijaweka waya za maana, akanionyesha waya nene kama chatu, bei yake karibu nusu ya bajeti yangu yote. Alafu kuna mtu anauza spika za mtumba, ndefu zinanifika kiunoni, kila moja ina wufa mbili (zile duara kubwa za besi), mbao inang'aa kinoma, anataka jibu mwisho Jumamosi eti kuna mwingine anazipigia simu. Nilienda kuzisikiliza, akafungulia mpaka shati likatikisika, ila sijui mjomba, nilirudi nyumbani kichwa kinauma na sikumbuki hata aliweka nyimbo gani.

Wife nilipomuonyesha picha aliangalia sekunde mbili akauliza, "haya majeneza mawili unataka tuyaweke wapi?" Hapingi mziki, anataka tu sebule ibaki sebule.

Na kuna jingine. Mzee wangu alipofariki aliniachia santuri zake, zipo kama 40, nyingi kubwa na chache ndogo. Nakumbuka alikua anazifuta kwa kitambaa taratibu kabla ya kuzipiga na alikua hataki mtu aguse kwenye mistari, unashika pembeni kama sahani ya moto. Sijazisikia tangu mashine yake ilipokufa. Nimeona kamashine kamoja ka mfano wa begi, kana spika humohumo, bei poa sana, nikawaza nikachukue hako angalau nizisikie.

Mi nasikiliza zaidi usiku, sauti ya kawaida tu, kutoka kwenye simu. Sasa nianze na nini? Wati ngapi zinatosha? Mtumba ni salama au ndo nauziwa mbuzi kwenye gunia? Na hizo waya vipi?

Ni mimi mpwa wako,
Niliyekwama na Hela Mkononi

.....

Marahaba mpwa, na pole kwa mzee.

Umeandika habari ya ampli, waya, wati, mashine ya begi, yote vizuri, ila kitu kimoja hukuniandikia na ndo nilikua nakitafuta mpaka mwisho wa barua: wewe utakaa wapi? Manake mziki wa ndani unaanzia kwenye kochi. Kochi ndo linaamua spika zikae wapi, mahali zilipo spika pamoja na ukubwa wa chumba ndo vinaamua ziwe spika gani, na spika ndo zinaamua ampli. Huyo mwenzako wa kazini ameanzia mkiani, na mi simlaumu sana kwa sababu hata mimi mziki wangu wa kwanza nilianza na ampli, nikaja kutafuta spika za kuilisha, nikahangaika miaka.

Tuanze na chumba chako. Mita 4 kwa 3 na nusu ni chumba kidogo, na chumba kidogo kina tabia yake na besi. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, sasa ukigawa hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani mita 8, unapata kama 43, na hiyo ndo hezi (mitetemo kwa sekunde) ambayo sebule yako itaivimbisha yenyewe upende usipende. Kila gitaa la besi likigusa maeneo hayo chumba kitasema "vuuum" na kitaendelea kusema wakati mpigaji ameshahamia noti nyingine. Spika zile za kiunoni zenye wufa mbili mbili zimetengenezwa ili zishuke hukohuko chini, ukiziingiza kwenye sebule yako na ukazibana ukutani (na utazibana tu, nafasi huna) utapata vuuum mchana na usiku, na kwa kuwa besi haiheshimu ukuta, jirani nae atapata ya kwake bure. Hapo kwa muuzaji ulitoka na kichwa kinauma, mi naamini kichwa chako kuliko maneno yake.

Chumba chako kinataka spika ndogo za kuweka juu ya stendi, zenye wufa ya sentimita 13 mpaka 16 hivi na tiwita yake, kale kadogo ka sauti nyembamba. Usizidharau kwa ukubwa. Ziweke mbele kidogo ya ukuta, sentimita 30 ukiweza, mbali na kona, ziachane kama mita 2, na kochi liwe umbali huohuo kutoka kila spika, yaani pembetatu yenye pande sawa. Tiwita iwe usawa wa sikio lako ukiwa umekaa, kwahiyo stendi ya kama sentimita 60 mara nyingi inafika hapo, sio juu ya kabati zinaongea na dari. Ukipatia hayo mwimbaji anatoka kwenye maboksi anakuja kusimama katikati, hewani, mahali pasipo na spika yoyote. Mara ya kwanza ikinitokea niliinuka kwenda kuangalia kama kuna kitu kinalia pale katikati.

Kuhusu wife, fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi moja. Tafuta maboksi mawili ya karatasi yanayokaribiana ukubwa na hizo spika, yaweke juu ya vigoda pale nilipokwambia, mkae nayo wiki nzima. Atayapita akifagia, mlango utafunguka au hautafunguka, utajua kama kuna kona inayokwaza mguu. Mkisogeza sogezeni pamoja. Mwisho wa wiki hamtabishana tena manake atakua ameshakubali au ameshakataa, na kukataa boksi la karatasi hakugharimu kitu.

Vigae vitupu navyo ni tatizo na dawa yake haipo kwenye duka la mziki. Simama katikati ya sebule piga kofi moja kali, kama unasikia kamlio fulani kanakimbia kwenye kuta kama springi ya chuma, basi hata spika za mfalme zitasikika kali na za kelele humo ndani. Zulia zito kati ya kochi na spika, mapazia ya kitambaa kizito, kabati la vitabu ukutani. Kwenye hilo utapata muunga mkono humohumo ndani ya nyumba, hajawahi kutokea mke aliyekataa zulia kwa sababu za kiufundi.

Sasa wati. Hapa ndo watu wanaibiwa kwahiyo ntakaa kidogo. Kila spika imeandikwa uwezo wake wa kugeuza umeme kuwa sauti, ukiipa wati 1 na ukasimama mita 1 inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi. Spika ndogo nyingi zipo kwenye 85, 86 hivi. Chukua 86. Zikilia mbili unaongeza 3, inakua 89. Ukikaa mita 2 na nusu unapoteza kama 8 (chumba kinakurudishia kidogo), unabaki na 81 hivi. Wati moja moja hiyo! Na desibeli 81 sebuleni usiku, ukuta mmoja na jirani, atagonga. Ni kweli mziki una vilele, ngoma ikipigwa inaweza kupanda desibeli 15 juu ya wastani na hiyo inataka nguvu kama mara 30, kwahiyo ampli ya wati 40 au 50 za kweli kwa kila upande inakutosha na chenji inabaki. Alafu ujue hili, kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, masikio yanaona ni kakitu kadogo, mfuko unaona mara mbili.

Nimesema wati za kweli. Zile za dhahabu 1000 mara nyingi ni PMPO, namba ya kuuzia, hesabu ya kilele cha kufumba na kufumbua ambayo kila kiwanda kinaipika jikoni kwake. We tafuta RMS, yaani wati inazotoa mfululizo, iliyopimwa kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha spika inavyouzuia umeme), chaneli zote mbili zikifanya kazi. Na kama huamini, igeuze hiyo ampli ya mwenzako uangalie nyuma pale pa waya wa umeme, pameandikwa inakula wati ngapi ukutani. Ikiwa inakula 80 muulize hizo 920 nyingine zinatoka wapi, anazo kisima?

Hapohapo nyuma angalia pia inakubali spika za omu ngapi. Spika ya omu 4 inavuta mkondo mara mbili ya ile ya omu 8 kwa volti zilezile, ampli isiyopangiwa kazi hiyo inachemka na kujizima, au inakufa kabisa. Na ampli dogo sana likikamuliwa mpaka mwisho linaanza kukata vichwa vya mawimbi, na wa kwanza kuungua ni tiwita. Ajabu yake watu wengi wameua spika kwa ampli ndogo iliyolazimishwa wakidhani kubwa ndo hatari.

Shemeji yako wala hakosei. Spika zenye ampli ndani ni nzuri, ampli na spika vimeoanishwa kiwandani, waya chache, sebule inabaki safi, na kwa mtu anayesikiliza simu usiku tu ningesema chukua hizo tulale. Ila wewe una santuri 40 na nakuona kabisa utataka kubadilisha kitu kimoja kimoja kadiri unavyokua, na mi roho yangu inapenda kitu ambacho kipande kikifa unakitoa hicho tu. Kwenye hizo za ndani kwa ndani ampli ikiharibika umepoteza na spika. Kwahiyo kwako nasema spika za kawaida mbili na ampli moja ya kawaida ya stereo, yenye matundu ya kutosha nyuma, na mojawapo liwe limeandikwa PHONO.

Hilo tundu ni la mzee. Santuri haitoi sauti kama vifaa vingine. Deki ya CD inatoa kama volti 2, wakati katriji ya kawaida ya sumaku, kile kikopo kidogo kinachoshika sindano, inatoa milivolti 5 hivi, yaani mara 400 chini yake. Tena wakati wa kukata santuri besi inapunguzwa makusudi ili mistari isiwe mipana, na sauti nyembamba zinazidishwa ili zishinde mkwaruzo, kwahiyo lazima kuwe na saketi ya kuyageuza hayo kama yalivyokua. Tundu la PHONO linafanya kazi zote mbili. Ukichomeka mashine kwenye tundu la kawaida utasikia kasauti kama ka mbu anaimba chooni, utadhani santuri za mzee zimekufa.

Ile ya begi iache dukani. Sikatai kwamba inalia, ila nyingi zina katriji ya seramiki inayokandamiza kwa kama gramu 5, wakati mashine ya heshima inakaa kwenye gramu 1 na nusu mpaka 2, na spika zinatetemeka kwenye boksi hilohilo lenye sindano. Mzee alikua anakataza kidole kwenye mistari, sasa we utaweka msumari? Subiri. Santuri zimengoja miaka, zitangoja miezi mingine, zisimamishe wima kama vitabu mbali na jua, usizilaze moja juu ya nyingine zitapinda. Ukija kununua mashine iwe na mkono wenye uzito wa kurekebisha nyuma na iwe na spidi 33 na 45 (mizunguko kwa dakika), hizo ndogo huenda ni za 45. Na kama kuna yoyote nzito, ngumu, ikigongwa inalia kama kigae, hiyo itakua ya 78, mistari yake mipana inataka sindano yake, usiiwekee ya kawaida.

Mtumba ni salama kama ukienda na mikono yako. Kwa spika yoyote ya mtumba, mwambie muuzaji atoe vile vitambaa vya mbele, angalia ile pete inayozunguka wufa. Kama ni ya mpira sawa. Kama ni ya sponji, iguse taratibu na kidole, miaka 15 au 20 ikipita inageuka majivu ya karatasi, inakatika hapohapo ulipogusa. Alafu sukuma koni (ule uso wa wufa unaocheza) kidogo sana kwa vidole vinne vilivyoachana, ipande ishuke kimya, ukisikia inakwaruza ndani basi koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imegusa. Weka sikio kwenye kila tiwita, moja moja, hapa ndo wengi wanaumia manake wufa ikinguruma nani anakumbuka tiwita? Kwenye ampli zungusha kitufe cha sauti polepole, mkwaruzo kidogo ni vumbi na unasafishika, upande mmoja kupotea na kurudi ni mazungumzo mengine. Na popote unapoenda, mtumba au dukani, peleka nyimbo tatu unazozijua kwa moyo, mojawapo iwe ya mtu anaimba na chombo kimoja tu. Muuzaji akifungulia sana mwambie apunguze mpaka kiwango chako cha usiku, manake masikio yote ya binadamu yanaona kilicho juu zaidi ndo kizuri zaidi, na wauzaji wanalijua hilo kabla hata hawajazaliwa.

Chatu la dukani tulimalize haraka. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, unazuia kama omu 0.07. Spika yako ina 8. Basi. Waya huo upo hata kwa wanaouza vifaa vya umeme wa nyumba, ukishaupata angalia tu nyekundu iende nyekundu na nyeusi iende nyeusi pande zote mbili. Usicheke. Mimi nilikaa miezi 8 spika moja nimeigeuza, koni moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, besi inafutana katikati ya chumba, na nilikua nimeshaanza kutafuta sabufa. Siku nimehamisha kabati nikaona waya mwekundu umekaa kwenye tundu jeusi, nikakaa chini kwenye vumbi lilelile nikajicheka peke yangu.

Simu itafaa kuanzia. Bluetooth inabana sauti kidogo, kwa sauti ya usiku wengi hatusikii tofauti, ukija kuudhika na kukatika katika utaweka waya. Usikimbizane na namba kubwa za mafaili, CD ya kawaida yenye sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde inafika juu ya hezi 20,000 na mimi na wewe tukishazeeka hatufiki hata huko.

Kwahiyo hela igawe hivi: karibu nusu iende kwenye spika na stendi zake, theluthi hivi kwenye ampli, inayobaki zulia na waya, na mashine ya mzee iwe ya awamu ya pili ukikusanya tena. Sabufa usiiwaze kwanza, kaa mwaka mmoja ukijue chumba chako.

Yule wa Jumamosi mpigie leo umwambie awape hao wanaompigia. Na ukishaweka maboksi niandikie mlango upo upande gani na kochi linaangalia wapi, ikiwezekana nichoree.

Mjomba wako.